Pimamaji

Mara ya tatu Elden Brekke aliirudisha bunduki
ikiwa imefungwa ndani ya blanketi la farasi,
akailaza kwenye kaunta kama anayerudisha mtoto mtukutu wa jirani.
"Bado inakwenda kulia," alisema. "Inchi nne, kwa yadi mia."
Kisha akatoka kwenda kuketi garini,
kwa sababu Havre, mwezi wa Januari,
injini ukiizima umeizika.

Nilishamlaumu kwa yote.
Mara ya kwanza nililaumu risasi zake za bei ya kutupa,
mara ya pili upepo, ule ushukao kutoka Kanada bila hodi.
Jicho lake nalo nililisema, ila kimoyomoyo:
ana miaka sabini na sita, na ngano yake huikagua kwa kunusa.

Sasa tulibaki wawili, mimi na chuma.

Mtutu ni mpya, niliukaza mwenyewe.
Hesi ziliingia kwa utii, spana ikalia mara moja ikanyamaza,
alama ya mtutu ikakutana na alama ya kiwiliwili
kama midomo ya wanandoa wa miaka arobaini:
imegusana, basi.
Silinda ya gesi haichezi. Pini imekaa.
Lakini kilengeo cha mbele, ukikitazama kutoka nyuma,
kimeinamia kushoto
kama mtu anayekutegea sikio lake lililo zima.
Kidogo tu. Unene wa ukucha.
Na bunduki ina ukaidi wake:
kilengeo kikiegemea kushoto, risasi hukimbilia kulia.

Nikaweka pimamaji juu yake.
Kiputo kikatulia katikati.
Kimenyooka, kilisema chombo.
Kimepinda, yalisema macho.
Baba, aliyeniachia jiliwa hili pamoja na deni la umeme,
alishikilia kwamba fundi huamini chombo kwanza.
Nikaamini. Nikakigonga kwa nyundo ya shaba,
nikapima,
nikakirudisha palepale.
Giza likaingia saa kumi na nusu jioni, kama kawaida yake.

Kilichoniokoa ni penseli.
Iliniponyoka, ikalala juu ya meza,
ikafikiri,
halafu ikaanza kubingirika kuelekea dirishani,
bila haraka, ikaanguka.
Nikaiokota, nikaiweka tena.
Ikaenda tena.

Basi nikailaza pimamaji mezani,
mahali ambapo sikuwahi kuilaza tangu tumzike baba.
Kiputo kikakimbilia ukingoni kama panya aliyewashiwa taa.

Ardhi iliganda Novemba, ikavimba chini ya karakana,
ikaunyanyua upande mmoja wa sakafu
kama mtu anayefunua sufuria achungulie.
Nami muda wote huo nilikibana kiwiliwili sambamba na meza
na kukinyoosha kilengeo sambamba na dunia.
Pimamaji haikunidanganya.
Niliiuliza swali moja penye maswali mawili.

Nikafungua daftari. Tangu Novemba: bunduki nne.
Brekke. Marva Odegaard, ile ya marehemu kaka yake.
Daktari wa meno ambaye jina lake
mwandiko wangu mwenyewe umenificha.
Na Leland Azure, wa kule Box Elder.
Nikapiga simu, koo kavu.
Marva alisema "aa," akanyamaza, akakata.
Azure alicheka hadi akakohoa.
"Nilijua," akasema. "Nimeshaua kulungu wawili nayo.
Nalenga hewa iliyo kushoto kwake. Usiniguzie."

Brekke akaingia, theluji kwenye nyusi.
Sikuwa na hotuba; nikamwonyesha penseli.
Aliitazama ikibingirika, akaomba aiweke yeye,
akaiweka, akaitazama tena
mpaka ilipogonga sakafu.

"Kwa hiyo jicho langu ni zima," akasema.

Sikuwahi kulitaja mbele yake.
Nikatafuta kabari ya mbao,
nikapiga magoti chini ya mguu wa meza.